Mwenye Mgongo Aambiwe

Mgonjwa anayelazwa kwa sababu ya paja lililovunjika haji wodini na kidonda kiunoni. Akitoka nacho, amekipatia kitandani, mbele ya watu waliokuwa wakimhudumia kila siku. Jambo hilo limenikaa moyoni tangu nilipoanza kuwa karibu na vitanda vya wagonjwa huku kusini mwa Tanzania, chini ya milima ya mawe ya Masasi na huko juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, na kila nikilitafakari narudi kwenye hoja ileile. Kidonda cha kulalia huanza pale uzito wa mwili unapoibana nyama kati ya mfupa na godoro, damu ikashindwa kupita. Nyama hufa kwanza huko ndani, jirani na mfupa. Ngozi ya juu hubaki nzima kwa muda, kisha hubadilika rangi, huchunika, na siku shimo linapoonekana uharibifu umeshatokea kitambo. Anayeweza kujua mapema kwamba pale pamebanwa ni mwenye mgongo, na yeye ndiye tusiyemwambia kitu. Anageuzwa, anafutwa, anapakwa dawa, wala haelezwi kinachotafutwa mgongoni mwake. Nasema kazi ya kuzuia vidonda hivi apewe waziwazi, yeye na ndugu anayemuuguza, wapewe pamoja na sababu zake, na wakisema neno wasikilizwe.

Tuanze na hesabu, maana wengi hudhani tatizo ni uvivu wa wauguzi. Kanuni iliyozoeleka ni kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili. Hiyo ni mara 12 kwa siku kwa mtu mmoja. Wodi yenye wagonjwa kumi wa namna hiyo inadai kugeuza mara 120 usiku na mchana, na mtu mzito aliyepooza hageuzwi na mtu mmoja bila kumburuta, na kumburuta nako kunachuna ngozi. Muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya ana dripu za kuangalia, sindano za kuchoma, mgonjwa mpya anayeletwa na bodaboda, na karatasi za kujaza. Hata angekuwa malaika asingefika kila kitanda kwa wakati. Kanuni yenyewe ina historia inayofaa kukumbukwa. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kituo cha walioumia uti wa mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, watu wa aina hiyo walikuwa wakifa kwa wingi kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye akaamuru wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, na akawafundisha wenyewe kujiinua na kujikagua. Sisi tumeirithi nusu ya kwanza ya somo lake, ile inayomhitaji muuguzi tusiye naye wa kutosha, na nusu ya pili tumeiacha.

Zaidi ya hayo, saa mbili si amri iliyoshuka mbinguni. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013 uliwagawa wazee wa kwenye nyumba za matunzo katika makundi ya kugeuzwa kila saa mbili, tatu au nne, na haukuona tofauti ya maana kati yao. Wale walikuwa wamelala juu ya magodoro mazito ya povu yaliyo mazima. Godoro la sponji lililolaliwa miaka mingi ni jambo jingine. Ukitaka kulipima, mwambie mgonjwa abaki amelala, pitisha kiganja chako kimelala chini ya godoro, usawa wa makalio yake. Ukihisi mfupa wake unakugusa na chaga iko chini ya mkono wako, basi huyo hana godoro, ana shuka juu ya mbao. Kwake yeye saa mbili ni nyingi. Kwa hiyo muda wa kugeuka hutegemea godoro, mifupa ya mtu, lishe yake, joto la chumba na unyevu wa shuka, na hakuna ratiba ya ukutani inayoweza kuyajua yote hayo. Mwili wa mgonjwa unayajua.

Hoja yangu ya pili ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote kwetu. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humfundisha muuguzi kutafuta wekundu: bonyeza kwa kidole, ukiona wekundu haupotei, hatari imeanza. Kwa ngozi nyeupe sawa. Kwa ngozi ya Mmakonde, Mmakua au Myao, wekundu huo hauonekani, au unajificha ndani ya weusi mpaka sehemu igeuke ya zambarau au ianze kuvuja. Anayesubiri jicho limwonyeshe atachelewa. Kwa ngozi yetu mtu hutumia mgongo wa kiganja: pana joto kuliko pembeni, au pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Na juu ya yote huuliza panauma. Watafiti wa Leeds, Uingereza, walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayoonyesha kuwa maumivu mahali pa mgandamizo ni dalili inayotangulia kidonda. Maana yake kwetu ni kwamba kipimo cha mapema tulicho nacho, kisichohitaji umeme wala fedha za dawa, ni mgonjwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba tumemzoesha kunyamaza. Asubuhi kundi la wakubwa linapita, anaulizwa "Unaendeleaje, mzee?" naye, kwa adabu yake, anajibu "Afadhali, namshukuru Mungu." Amefunzwa tangu utotoni kwamba mtu mzima hatangazi maumivu, na kwamba anayelalamika wodini huonekana msumbufu. Kumshirikisha kunaanza kwa kubadili swali. Muuguzi akimwambia, "Babu, leo nataka unioneshe kwa mkono ni wapi kunakuchoma ukilala," amempa ruhusa ya kusema, na jibu litakuja kabla ya shimo.

Nitaulizwa: na asiyehisi? Aliyeanguka mwembeni au mnazini akavunjika uti wa mgongo, mzee wa kiharusi ambaye upande mmoja umekufa, hao wataonesha nini? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya hukuhuku. Ndanda, njiani kati ya Masasi na Lindi, Wabenediktini walijenga hospitali ambamo Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alifanya kazi kwa miaka mingi, na pale karibu, Mwena, walitunzwa wagonjwa wa ukoma. Watu waliamini ukoma unaozesha vidole. Daktari Paul Brand, kwa kazi aliyoianza Vellore, India, katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidonda vingi vya miguu ya wagonjwa hao vinatokana na kupotea kwa maumivu: mtu anatembea juu ya jiwe, juu ya malengelenge, juu ya mwiba, na hakuna kinachomwambia asimame. Tiba iliyofuata ikawa ya mgonjwa mwenyewe. Kila jioni akae, anyanyue unyayo, autazame, aupapase kutafuta joto, auloweke, aupake mafuta, na akiona alama apumzishe mguu. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengi ambao hawakuwahi kukaa darasani, na waliofanya hivyo kwa bidii waliokoa miguu yao. Aliyepooza miguu hufundishwa vivyo hivyo: kioo kidogo cha mkononi cha kutazamia makalio, mikono ya kujiinua kwenye kiti cha magurudumu kila baada ya dakika chache, na mkono wa ndugu pale kioo kisipofika. Palipokosa maumivu, macho na vidole hushika zamu. Ni yule tu aliyepoteza fahamu kabisa ambaye hana la kufanya, na huyo ana mtu wake pembeni, mara nyingi.

Tena nchi hii ilishaonyesha kwamba mwananchi akielezwa sababu anaitenda kazi ya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, wakajadili malaria, kichocho, maji na vyoo, wakatoka wakachimba. Miaka miwili baadaye wizara ya afya ikashikwa na Leader Stirling, daktari aliyefika Masasi mwaka 1935 na misheni ya Kianglikana ya UMCA na kufanya upasuaji Lulindi, katika hospitali ya enzi ambayo ndugu wa mgonjwa alikuwa mpishi na muuguzi kwa pamoja. Sidhani kama kuna mtu aliyefanya kazi kwenye hospitali za namna ile angeweza kudai kwamba familia haina nafasi wodini.

Familia iko wodini tayari, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo. Mpingaji mmoja husema: hakuna jipya, ndugu wanawaogesha na kuwageuza wagonjwa wao tangu zamani. Ni kweli, ila wanafanya bila kuambiwa kwa nini, na upendo usioelezwa sababu unaweza kuumiza. Chukua ngata. Mwanamke aliyebebea ndoo kichwani maisha yake yote anajua kwamba ngata inaondoa uchungu wa uzito, basi anakunja kanga mviringo na kumkalisha mama yake juu yake ili pale penye kidonda paelee katikati. Inaonekana ni busara, na hata mahospitali makubwa ya nje yalitumia pete za mpira kwa namna hiyohiyo kwa miaka mingi. Lakini duara lile linabana damu pande zote na kukinyima chakula kile cha katikati, na leo mwongozo wa wataalamu unakataza pete hizo. Chukua kukanda. Ndugu akiona sehemu imebadilika anapaka mafuta ya nazi na kuisugua kwa nguvu ili damu itembee, na nyama iliyokwisha kubanwa inazidi kuchanika huko ndani. Mafuta mepesi kwenye ngozi kavu ni mazuri. Kusugua juu ya mfupa ndiko kubaya. Chukua kisigino cha mtu ambaye mguu wake unavutwa kwa uzito uliofungwa mwisho wa kitanda, wiki baada ya wiki. Kinagandamizwa godoroni muda wote, na watu wanakisahau kwa kuwa wote wanatazama paja. Kanga ile iliyotengenezwa ngata ikunjuliwe, ikunjwe bapa, iwekwe chini ya misuli ya mguu, kati ya goti na kifundo, mpaka kisigino kielee na karatasi iweze kupita chini yake. Kazi ni ileile, kanga ni ileile, na mkono ni uleule wa mtoto anayempenda mzazi wake. Kilichoongezeka ni sentensi mbili za muuguzi. Mgonjwa mwenyewe akizisikia sentensi hizo atasema usiku wa manane, "Mwanangu, kisigino kimegusa," wakati muuguzi yuko wodi ya pili.

Sasa pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Linasema huku ni kuitua serikali na hospitali mzigo na kumtwika maskini aliye kitandani, na kidonda kikitokea ataambiwa, "Hukujigeuza." Florence Nightingale, katika kitabu chake cha 1859 juu ya uuguzi, alikwisha kuweka lawama ya kidonda cha kulalia kwenye uuguzi badala ya ugonjwa, na mimi sitaki lawama hiyo ihamie kwa mgonjwa. Kumwambia mtu kinachomtishia ni haki yake, kwa kuwa mwili ni wake. Kumlaumu kwa kushindwa ni dhuluma. Njia ya kutenganisha mambo hayo mawili ni kuandika. Mgonjwa akisema panachoma, neno lake liingie kwenye faili pamoja na saa aliyolisema na hatua iliyochukuliwa. Hapo sauti yake inakuwa deni la hospitali. Ikiwa godoro limekufa, faili litasema godoro limekufa, na mganga mfawidhi atakuwa na karatasi ya kumwonyesha anayepanga bajeti. Nimeona kwamba mahitaji ya wodi hupuuzwa yakitajwa kwa mdomo.

Yapo pia mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyabeba hata akielezwa mwaka mzima, na la kwanza kwa Newala ni maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa mvua yote. Juu huko hakuna mto wala chemchemi, na kwa vizazi wanawake walishuka mteremko kuyafuata maji bondeni. Mradi wa kuyasukuma kwa pampu kuyapandisha juu ulianza wakati wa mkoloni, katika miaka ya 1950, na tangu hapo hadithi ya Newala na bomba ni ya kupata na kukosa. Ngozi iliyolowa mkojo huchanika upesi kuliko kavu. Mtu aliyejikojolea anahitaji kuoshwa sasa hivi na kubadilishiwa shuka, na kama ndoo moja ndiyo ya kunywa, kupikia na kuoshea, binti yake atachagua. Kumfundisha binti huyo kuhusu unyevu bila kumpa maji ni kumwongezea majuto. Kwa hiyo ninapodai mgonjwa ashirikishwe, ninadai papo hapo hospitali iwe na maji, shuka za kubadilisha na magodoro yasiyokunjika katikati. Mgonjwa anayejua sababu atavidai kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Kuna msomaji atakayetaka ushahidi wa kitakwimu, na nitamweleza ulivyo, bila kuupamba. Nchini Australia, timu ya Wendy Chaboyer ilifanya jaribio katika hospitali 8 lenye wagonjwa karibu 1600, likachapishwa mwaka 2016. Katika hospitali za upande mmoja wagonjwa walifundishwa mambo matatu: jisogeze mara kwa mara, tunza ngozi, kula vizuri. Walipewa video na kijitabu, na wauguzi walifunzwa kupanga nao matunzo. Waliopata vidonda upande huo walikuwa asilimia 6.1, na upande wa matunzo ya kawaida asilimia 10.5. Tofauti inavutia, lakini kwa kuwa waligawa hospitali nzima nzima badala ya mtu mmoja mmoja, hesabu haikuweza kuthibitisha kwamba haikutokana na bahati. Anayetaka kunikatalia atalishika hilo, na ana haki. Mimi nauliza matunzo ya kawaida ya kule yalikuwaje. Nadhani yalikuwa matunzo yenye wauguzi na vifaa vingi kuliko yetu, ambako mgonjwa asipojigeuza yupo wa kumgeuza. Mahali ambapo huyo wa kumgeuza hayupo, mchango wa mgonjwa hauongezwi juu ya mfumo uliokamilika, unaziba pengo lililo wazi. Siwezi kudai kwamba namba za Australia zitajirudia Masasi. Ninadai kwamba hospitali zetu zipime: kila Jumatatu ngozi ya kila aliyelala ikaguliwe, idadi iandikwe, miezi sita kabla na miezi sita baada. Inagharimu daftari.

Adabu nayo si jambo dogo huku. Sehemu inayoharibika kwanza ni kiuno, makalio, nyonga, mahali ambapo mkwe hathubutu kutazama na mtoto wa kiume anaona haya kumgusa mama yake. Kati ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na mara nyingi mwenye neno juu ya mgonjwa ni mjomba au dada, si mwenzi aliyeketi pembeni. Muuguzi anayemwita yeyote aliyepo na kumpa maelekezo ya kugeuza na kukagua anaweza kuwa amemweka mtu kwenye aibu ambayo hataisema, na kazi haitafanyika. Mgonjwa aulizwe: "Bibi, nani akutazame mgongo?" Atamtaja mjukuu, atamtaja dada yake aliye kijijini, na huyo ataitwa. Hapo ushirikishwaji unaonekana kwa macho, kwa sababu uamuzi wenyewe umetoka kwake.

Kisha kuna kurudi nyumbani, na hapo sina haja ya kubishana sana. Mtu wa kiharusi hukaa wodini siku chache na kitandani kwake miaka. Akirudishwa kijijini hana muuguzi wa zamu, ana familia, na msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, familia iko shambani tangu alfajiri ikiziokota, naye amebaki peke yake na mtoto mdogo hadi alasiri. Alichofundishwa hospitalini ndicho atakachokuwa nacho. Barua ya ruhusa inayotaja dawa tu na tarehe ya kliniki imeacha nusu ya tiba. Iandikwe humo kwa Kiswahili cha kawaida alale ubavu gani asubuhi, nani amkague jioni, kisigino kiinuliwe kwa nini, ale kunde, mbaazi, mayai au samaki kila vinapopatikana kwa kuwa ngozi hujengwa kwa vyakula hivyo, na alama gani ikionekana aletwe bila kusubiri tarehe. Kengele ya simu ya mjukuu inatosha kuwa ratiba.

Linabaki swali la asiye na mtu. Wapo: mzee aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji miaka mingi iliyopita na ukoo wake uko ng'ambo, mlevi aliyeokotwa barabarani, mama ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam. Wakati mwingine jirani wa kitanda humshika mkono, lakini jirani naye ni mgonjwa na ataruhusiwa kesho. Watu hao ndio wanaonifanya nisisitize jambo hili. Leo muuguzi mmoja anajaribu kumgeuza kila mtu na hamfikii yeyote kwa wakati. Kati ya wale kumi wa hesabu yangu, saba wakijua kujisogeza wenyewe au wakiwa na ndugu aliyeelekezwa sawasawa, wanabaki watatu, na watatu mara 12 ni 36. Hizo ni mara ambazo wauguzi wa zamu tatu, wawiliwawili, wanaweza kuzifanya. Orodha ya hao watatu ibandikwe mezani pa wauguzi kila jioni, kwa namba za vitanda, na anayepokea zamu aanze na wao kabla ya kukaa.